Koti la Keresenzia

Wifi yangu Keresenzia sikuwahi kumwona, lakini kitanda chake nimekitandika kwa miaka kumi na saba. Kila Jumamosi asubuhi mama mkwe aliniletea shuka safi, akasimama mlangoni kuhakikisha pembe zimekunjwa sawasawa, kisha akafunga chumba na kuutia ufunguo kifuani. Mwenye kitanda alichukuliwa na watu wanne waliokuja na gari, asubuhi moja ya wakati wa vita, akiwa na miaka thelathini na sita. Aliacha vitabu viwili vya hadithi, rundo la barua alizoandika magazetini kuwatetea watu waliofukuzwa kwenye mashamba ya chai, na koti la kahawia nyuma ya mlango. Hajaonekana tena, si mzima si maiti.

Mimi niliolewa na mdogo wake, Onismo, mwaka mmoja baada ya uhuru, nikaikuta nyumba hii ya Sakubva ikimngoja. Nilidhani ni jambo la mwaka mmoja au miwili. Watu walirudi kutoka vitani, wengine ikarudi mifupa yao, na kila wazee walipokuja kumshauri mama mkwe kwamba sasa msiba ukaliwe, aliwajibu kwamba hajaona mwili na msiba wa maneno matupu hautaki. Akawapa chai, wakanywa, wakaondoka. Koti hakulifua hata mara moja. Alisema lina harufu ya mwanawe, na mimi niliyelipangusa vumbi kila wiki niliona lina harufu ya nondo, lakini nani angenisikiliza.

Basi mwaka huu akaja Mhonda. Ni kijana wa hapa hapa, alikwenda chuo kikuu Harare akarudi na nywele ndefu na mchezo wa jukwaani kuhusu maisha ya Keresenzia. Aliniomba mimi niwe Keresenzia, kwa kuwa ni mwalimu na sauti yangu inafika viti vya nyuma. Sitasema uongo, nilifurahi mno. Nilikuwa nimevisoma vile vitabu viwili mpaka vikaachia majalada, na nilikuwa nimechoka kuwa mtandika kitanda wa mtu ambaye nchi nzima inamsifu. Mama mkwe naye hakukataa. Alisema maneno ya mwanawe yakisikika ni vizuri, akaendelea kuchambua mboga.

Aliyenisaidia kweli alikuwa Mai Tobias, yaani mama Tobias, kama mimi ninavyoitwa Mai Tawona; ni mke wa kaka mkubwa wa mume wangu. Yeye aliishi na Keresenzia miaka minane chini ya paa moja, na alimpenda na kugombana naye kila siku. Tukikaa jikoni alinifundisha jinsi wifi yetu alivyotembea, kaegemea upande kwa uzito wa mfuko wa vitabu, na alivyopandisha sketi kidogo kama anavuka mto hata kiangazi. Tena alikuwa na tabia ya kuhesabu dhuluma kwa vidole. Vidole vyake vikiisha, alikamata mkono wa mtu aliye karibu na kuendelea kuhesabu kwenye vidole vya mwenzake.

"Hata kama una unga mikononi," Mai Tobias alisema. "Mimi ugali wangu wa sadza umeungua mara ngapi kwa sababu nimefanywa daftari."

Tulicheka mpaka machozi. Wakati ule sikujiuliza kwa nini yeye mwenyewe, fundi wa kuigiza watu, alikuwa amemkatalia Mhonda nafasi katika mchezo.

Kwetu mtu akifa, wakazamwana ndio watani wa msiba. Sisi tuliotoka nyumba nyingine tukaolewa humu ndio tunaovaa nguo za marehemu, tukatembea mwendo wake, tukagomba kwa sauti yake, mpaka waombolezaji wacheke katikati ya kilio. Nimemwigiza baba mkwe na kikohozi chake, nimemwigiza shangazi aliyependa kubishania bei sokoni. Ni kazi yetu na tunaijua. Kwa Keresenzia hatukuwahi kuifanya, maana msiba haukuwapo.

Wiki mbili kabla ya onyesho Mhonda akataka koti. Kwenye picha pekee iliyobaki, Keresenzia amelivaa, na kijana akashikilia kwamba watu lazima walione. Niliingoja Jumatano, siku ambayo mama mkwe huenda kwenye kikao cha akina mama kanisani. Ufunguo alikuwa ameusahau kwenye mfuko wa aproni. Nikafungua, nikavaa koti, nikaanza kutembea mbele ya kioo, nimeegemea upande, sketi nimeipandisha, nikiuhesabia mhimili wa kitanda vidole vyangu.

Kikao kilikuwa kimeahirishwa. Mama mkwe alisimama mlangoni na Biblia yake mkononi, sijui kwa muda gani.

"Nani amekuambia mwanangu amekufa?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mkazamwana, ndani ya nguo za wifi yake, anamwigiza mwendo: hata mtoto wa darasa la kwanza angejua maana yake. Mimi mwalimu mzima niliona ni mazoezi ya jukwaani tu. Nilipiga magoti nikaomba radhi, naye akanivua koti mwenyewe, polepole, mkono mmoja kisha mwingine, akalinusa kwenye kola. Kwa siku nne hakula chakula nilichopika.

Siku ya tano aliniita. Hakufoka, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema niende nikasome maneno ya Keresenzia kama yalivyo, lakini nisimtembeze, nisimsemeshe, nisivae kitu chake. Akiigizwa na mimi, alisema, ndiyo basi tena, nitakuwa nimemzika mbele ya watu. Nilimwahidi. Nilijua pia kwamba bila mwendo na vidole hakuna mchezo, kuna mtu anayesoma gazeti kwa sauti, lakini siwezi kumuua mtoto wa mtu mbele ya mama yake kwa ajili ya makofi. Mhonda nilipomwambia alikuna nywele zake, kisha akasema itapendeza, itakuwa na heshima. Mai Tobias alisema itakuwa na usingizi.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi wa manispaa ulijaa. Nilitazama kupitia tundu la pazia nikamwona mama mkwe kiti cha mbele kabisa, kati ya Onismo na Mai Tobias, na mkoba mkubwa mapajani. Hakuwa ametuambia kwamba atakuja.

Nilisimama katikati ya jukwaa nimevaa gauni jeupe alilonipa Mhonda, mikono imelala mbele, nikasema maneno ya Keresenzia. Nilisema kuhusu utoto wake, shule ya misheni, kitabu cha kwanza. Watu walisikiliza kwa adabu, adabu ile ya kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Mtu mmoja alipiga miayo, akaambukiza mstari mzima. Nilifika kwenye barua yake maarufu, ile inayotaja familia kumi na moja zilizotupwa barabarani na vyungu vyao wakati wa mvua, nikaanza kuzitaja kwa sauti moja iliyonyooka. Nilikuwa naona aibu kwa niaba yake.

"Huyo ni nani?"

Mama mkwe alikuwa amesimama. Onismo alimshika mkono kumketisha, naye akauondoa mkono wa mwanawe.

"Nauliza, huyo aliyesimama hapo kama nguzo ni nani? Mwanangu hakuweza kusimama hivyo hata kanisani. Miaka ishirini na miwili namngoja mtu mwenye kelele, leo mnaniletea huyu."

Nilishuka jukwaani, nikapiga magoti mbele yake. Alichokisema kilikuwa kweli. Yeye akafungua mkoba, akatoa koti.

"Vaa."

"Mama, nikivaa unajua maana yake."

"Mimi ndiye niliyewafundisha nyote maana yake," alisema. "Nimeanza kumsahau, Mai Tawona. Nalala namtafuta, namwona kwenye ile picha tu, amesimama. Vaa nimwone akitembea."

Nilimtazama Mai Tobias. Alikuwa analia tayari, lakini akaniashiria kwa kidevu. Nikavaa.

Nilirudi jukwaani kwa ngazi za pembeni, nimeegemea upande, gauni nimelipandisha kama navuka mto. Mzee mmoja nyuma akacheka kwa mshangao, kicheko cha mtu aliyekutana na rafiki yake njiani. Mai Tobias alipaza sauti pale alipo: "Wifi, mboga zinaungua huku." Nikamjibu kwa sauti ya Keresenzia, ile aliyonifundisha jikoni, kwamba mboga zikiungua kuna watu leo hawana hata sufuria ya kuunguzia, na anisikilize. Ukumbi ukalipuka. Waliomjua walicheka na kupigana mabegani, na wasiomjua walicheka kwa kuwaona hao. Nilikuwa nagomba, natembea, naegemea. Nikaanza upya zile familia, sasa kwa vidole. Chimusoro, moja. Sigauke, mbili. Mwaedza na bibi kizee kipofu, tatu. Nilitaja mpaka vidole vyangu kumi vikaisha, na familia moja ilikuwa imebaki.

Nikaruka chini nikaushika mkono wa mama mkwe. Ulikuwa mkavu na mwepesi. Nikakunjua kidole chake kidogo.

"Nyabadza," nikasema. "Kumi na moja."

Nilitaka kuuachia mkono, lakini hakuniachia. Akakitazama kile kidole muda mrefu. Kisha akakunjua kidole kilichofuata, yeye mwenyewe, na kukiinua juu ili watu wote wakione.

"Keresenzia," akasema. "Kumi na mbili."

Halafu akalia. Sijawahi kusikia kilio cha namna ile, na nimekaa misiba mingi. Kilikuwa kimekaa ndani yake kwa miaka ishirini na miwili, na sasa kilitoka chote. Wanawake waliacha viti vyao, mmoja, kisha mstari, kisha wote, wakaketi chini kwenye saruji kama tunavyoketi nyumba yenye maiti. Wanaume walivua kofia. Mtu akaanzisha wimbo wa maziko na ukumbi ukaupokea.

Mhonda alikuja na karatasi zake mkononi, akaniinamia akaniuliza kwa kunong'ona kama tuendelee na sehemu ya pili.

"Kaa chini, kijana," Mai Tobias alimwambia. "Uko msibani."

Akakaa. Tukalia na kumwigiza Keresenzia mpaka jua likaanza kushuka madirishani. Mlinzi wa ukumbi, aliyekuja kutufukuza ili afunge, alivua kofia yake naye akaketi karibu na mlango.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, watu wengi wakitusindikiza. Mama mkwe alipita moja kwa moja mpaka kile chumba, akafungua, akazivua shuka kitandani na kuliegemeza godoro ukutani. Alimwambia Onismo apeleke habari kwa mpwa wake, aje Jumapili ijayo agawe nguo za Keresenzia kwa ndugu zake wa damu, kama inavyotakiwa. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa bado nimevaa koti.

"Na wewe vua hilo. Si lako."

Ni kweli si langu, mkazamwana hagawiwi nguo za wifi yake. Nilivua, nikampa kwa mikono miwili, nimepiga magoti. Akalinyanyua mpaka usoni, akalinusa kwenye kola, kama kawaida yake. Nilijua nimelitolea jasho saa tatu nzima.

"Linanuka wewe," alisema.

Nilianza kumwomba radhi. Akanirudishia koti mikononi, akaupiga-piga mkono wa koti mara mbili kuunyoosha.

"Kalifue," akasema.