Uloto wa Hamsini

...na imebaki moja tu, uloto wa watu arobaini na tisa nimeshauchota, daftari la mafunzo linataka hamsini, Ijumaa narudi Dar na hapa Karatu sitampata mwingine, sindano ya ganzi ninayo mkononi, Sista Hyasinta anampaka Mama Lazaro dawa nyongani na kumwambia asitikisike, ina baridi, ndiyo mama, itapita... karudi kutoka Rhotia leo asubuhi kwa bodaboda, kalala ubavu kama nilivyomwelekeza, uso ukutani, damu yake imeshuka hadi tano, na damu ikishuka hivyo si vibaya kuchungulia ndani ya mfupa, kwenye uloto, inakotengenezwa, nani atanilaumu, Profesa Swaleh mwenyewe atatia saini... Profesa Swaleh, ambaye kila Jumatano hutukalisha sisi wanne tunaosomea ubingwa bobezi wa damu, anaficha majibu ya mashine na kusukuma kioo chenye tone la damu chini ya darubini, tazama kwanza, Resiato, mashine haina macho... nilitazama damu ya mama huyu, jana saa nne alipokuja mara ya kwanza, chembe nyekundu kubwa kupita kiasi, nyeupe zenye viini vya vipande sita, saba, nikajua palepale, nikamuuliza anakula nini, akasema ugali na majani ya maboga tangu ng'ombe wake afe, maziwa hayapati, nyama Krismasi, na nyayo zinawaka moto, upungufu wa vitamini tu, akichomwa wiki mbili tatu atarudi kupalilia maharage yake, lakini mimi nikamwambia lazima tuhakikishe... tuhakikishe, neno zuri hilo, linafunika mengi... nje magari ya watalii yanapanda kwenda kwenye geti la hifadhi, ukungu haujainuka, mkono wangu umetulia kabisa, tangu yule wa kumi na mbili sijatetemeka tena, na leo utulivu huu unaniogopesha...

"Itauma sana?" anauliza bila kugeuka, kidogo, namjibu, na Sista ananitazama juu ya barakoa, kioo cha jana alikipaka rangi yeye, anajua, lakini daktari ni mimi. "Basi fanya tu, mwanangu," Mama Lazaro anasema, "kama ndiyo dawa yenyewe, nitavumilia." Dawa yenyewe... nilimwambia kipimo, sikumwambia kipimo si dawa, kwake ukichomwa hospitali umetibiwa, atarudi Rhotia na kidonda nyongani akingoja kimponye, naona haya, naona haya mpaka masikio yanawaka, wale arobaini na tisa niliwachoma kwa ajili yao, huyu ningemchoma kwa ajili yangu, na dawa yenyewe iko kabatini nyuma yangu, kichupa chenye maji mekundu, ya kuchoma begani, acha daftari lipungue, Profesa aniulize, nitamwambia nilitazama kioo kwanza... Sista bado ameshika pamba, sindano bado iko hewani, na Mama Lazaro bado ameukabili ukuta, meno kayauma, anavumilia kitu ambacho sitamfanyia.