Mabamba ya Mzee Geraghty

Fintan Geraghty alitimuliwa na baba yake mwaka wa hamsini na sita, siku aliyofumaniwa na mwanamume mwenzake nyuma ya kiwanda cha bia. Akazurura na meli miaka kumi na minane. Mwishoni, kila bandari aliyoshuka aliambiwa neno moja: ukitaka kuishi bila kujificha, nenda San Francisco, bonde la Eureka. Alicheka hadi akakohoa. Bonde la Eureka ndiko alikozaliwa.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya nyumba yao. Wanaume wawili walikuwa juu ya ngazi, wanang'oa mabamba ya asbesto ukutani. Chini yake ilichungulia nakshi ya mbao, maua na mizabibu.

"Karibu mgeni!" akaita mwenye masharubu, Verlon. "Umetokea wapi, shoga yangu? Uso huo ni wa mashambani, wa Kansas."

"Natafuta chumba."

"Umechelewa, bibi wee. Cha juu tumempa seremala wa Ohio, kafukuzwa kwao."

Cha juu ndicho kilichokuwa chake Fintan utotoni.

Mwenzake Verlon, aitwaye Orrin, akaangusha bamba, likapasuka. "Hebu niambie, mjinga gani alifunika urembo huu?"

"Hao Waayalandi wa bandarini, mpenzi. Macho yao yalijua chupa tu."

Wakacheka. Fintan, Muayalandi mwenyewe, naye akacheka kidogo, kisha akaomba simu. Namba alipewa na dada yake; wazazi walishahamia kusini, nje ya mji.

"Baba, ni Fintan. Niko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwetu. Bondeni."

"Hapo si kwetu. Alipoingia shoga wa tatu mtaani, niliuza kwa bei ya kutupa nikakimbia. Tulikimbia majirani wote. Tumewaachia ninyi."

"Hukuniachia mimi, baba. Umewaachia wao."

"Kwani kuna tofauti gani?"

Simu ikakatwa.

Alipotoka, Orrin bado alikuwa na lake. "Ningemjua mjinga huyo, ningemnyonga!"

"Ni baba yangu," Fintan akasema. "Mimi ndiye niliyemshikia misumari, kiangazi kizima, nina miaka kumi na miwili. Safu ya chini aliniachia nipigilie mwenyewe. Akaniambia nina mkono wa kiume."

Safari hii hakuna aliyecheka. Verlon alishuka taratibu, akamnyooshea nyundo.

"Safu ya chini bado hatujaigusa, kaka."

Fintan akapiga magoti, akaanza kung'oa. Misumari ilikuwa imepindapinda, kazi ya mtoto, lakini ilikuwa imeshika. Ilikataa kutoka.