Simu Nane na Chapati Moja Moja

Simu nane za Harbans zilinitoa jasho Juni nzima ya 2007. Alikuwa ameziweka kwenye vibanda vya saiba yake, duka la intaneti, hapa Nakuru ili watu wawapigie jamaa zao ng'ambo. Hazikuwa na waya, zote zilipitisha sauti hewani hadi kisanduku kimoja ukutani. Watano wakiongea, raha mustarehe. Wa sita akiinua simu, sauti za wote zinakatika, na mimi fundi natazamwa kama mwizi wa kuku.

Laini ya setilaiti haikuwa na shida. Niliipima mpaka nikachoka. Harbans akasema Jumapili zikikatika tena, anang'oa kila kitu na mimi niende zangu. Niliumia, maana kazi ile niliipenda.

Jumamosi mchana akanialika kula gurdwara, hekalu la Masingasinga, kwa sababu hasira yake haijawahi kumnyima mtu chakula. Tuliketi chini kwa mistari. Jaydeep, mpwa wake, alikuwa anagawa kwa mara ya kwanza. Kwa heshima nyingi alibeba chapati moja kwa mikono miwili, akampa mtu, akarudi jikoni kuchukua nyingine. Wagawaji wenzake wakakwama mlangoni wakimpisha. Bibi mmoja akamkabidhi kikapu kilichojaa na kumsukuma kidogo mgongoni.

Nilimaliza dengu zangu mbio mbio. Simu zetu zilikuwa Jaydeep mtupu: kila moja ilituma kipande kidogo cha sauti mara hamsini kwa sekunde, na kila kipande kilingoja zamu yake hewani. Nikazipanga zikusanye vipande vitatu ndipo vitumwe kwa safari moja. Sauti ingechelewa kidogo zaidi, basi nikabandika karatasi kila kibanda: Subiri mwenzako amalize ndipo ujibu.

Jumapili baada ya kanisa watu walijaa. Wa sita akainua simu. Hakuna kilichokatika. Wa saba pia. Kibanda cha nane akaingia Harbans mwenyewe kumpigia dadake wa Leicester, Uingereza, ambaye hubishana naye kila wiki. Akaisoma karatasi, akanyamaza, akasikiliza muda mrefu. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Anasema miaka ishirini sijawahi wacha yeye amalize maneno," akaniambia. "Hiyo karatasi usitoe, Jackie. Na wewe kesho ukuje kazi."