Pudini Nyekundu ya Bondeni

Watu wamekikaribia kitanzi kwa sababu ya bunduki, ng'ombe na wake za wenyewe. Masinde wa mtaa wa Bondeni alikikaribia kwa sababu ya pudini, tena pudini ambayo haikuwahi kuona moto.

Masinde alikuwa mpishi wa Memsahibu Majani. Jina hilo hakupewa na mamake. Alipewa na wafanyakazi wake, na sababu utaiona sasa hivi. Aliishi juu kule upande wa mlima wa Menengai, katika nyumba ya mawe yenye stovu kubwa kama kichwa cha garimoshi. Kwa miaka kumi na mitatu Masinde aliilisha stovu hiyo kuni, naye akalishwa nayo. Kisha tumbo la Memsahibu likaharibika, akapanda ndege kwenda kumwona daktari huko Ulaya kwenye milima ya theluji, na aliporudi mwanzoni mwa mwaka wa 1954 alirudi na amri: hakuna chakula kitakachoguswa na moto tena ndani ya nyumba ile.

"Hata chai, Memsahibu?"

"Hata chai."

Stovu ikapoa. Paka aliyekuwa akilala chini yake tangu vita vya Hitler alifunga virago akahamia kwa jirani.

Masinde alidhani kazi imekwisha, maana mpishi asiye na moto ni wa nini? Lakini Memsahibu alimsimamisha jikoni akamfundisha upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Oti ziloweke usiku kucha ndani ya maziwa, asubuhi ukwaruze tofaa pamoja na ganda lake, umwage asali na njugu zilizopondwa. Karoti changa uzikwaruze nyembamba kama nywele, uzinyunyizie maji ya chungwa na zabibu kavu. Tende uzitwange na njugu, uzifinyange ziwe vidonge. Avokado uipige na asali na ndimu mpaka iwe laini kama mafuta ya kujipaka, kisha uiache kwenye kabati la barafu.

Wiki ya kwanza Masinde alionja kwa sababu ya kazi. Wiki ya pili alionja kwa hamu. Kufika mwezi wa tatu alikuwa akionja hata kitu ambacho hakuna aliyemwambia akionje. Tumbo lililomsumbua tangu ujana lilinyamaza. Macho yakawa makali hivi kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, akisimama uani kwa Memsahibu aliweza kuhesabu miguu ya ndege heroe kule ziwani, na kukuambia ni yupi amechoka.

Ndipo akaanza kutengeneza vitu hivyo kwake, Jumapili, katika chumba chake kimoja cha Bondeni.

"Unataka nitafune karoti mbichi?" mkewe Nekoye alimwuliza siku ya kwanza. "Mimi ni sungura uliyenitoa Kimilili?"

"Onja avokado kwanza."

Nekoye akaonja. Akalamba kijiko, nyuma na mbele. "Baba Simiyu, na kitu kama hiki wazungu wamekuwa wakila peke yao?"

Shida ilikuwa aibu. Jumapili saa kumi, Bondeni nzima hukoka majiko nje ya milango. Huku samaki, huku matumbo, huku ugali unageuzwa, moshi umetanda mpaka huwezi kumwona anayekusalimu. Sasa mpishi wa wazungu, mwanamume mzima mwenye kofia nyeupe, aonekane anatafuna majani kama mbuzi? Angechekwa mpaka stesheni. Kwa hiyo Masinde alikuwa akifunga mlango, anateremsha kitambaa cha dirisha, anakwaruza vitu vyake kimyakimya.

"Na usimwambie mtu," alimwonya Nekoye.

"Nitamwambia nani?"

"Hata Milcah. Sema haki ya Mungu."

"Haki ya Mungu, sitamwambia."

Milcah, mke wa Ogola wa reli, alikaa chumba cha pili. Kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na ukuta wa mbao ambao panya mwenye kiasi cha akili angeupita bila kuinama. Alisikia kila neno.

Wewe unayesoma leo utacheka. Mwaka ule hakuna aliyecheka. Ilikuwa Hali ya Hatari. Watu walikuwa wakitolewa vitandani, wanapangwa mstari uwanjani, mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho anatikisa kichwa tu, na unayetikisiwa kichwa unapanda lori. Na kitu kilichotafutwa kuliko bunduki kilikuwa kiapo cha wapiganaji wa msituni. Watu walinong'onezana kwamba kiapo huliwa kwenye nyumba iliyofungwa, pasipo moto, nyama mbichi na damu, na anayekula huapa kutomwambia mtu. Aliyelishwa alikwenda kizuizini. Aliyewalisha wengine alinyongwa.

Mlango umefungwa. Hakuna moshi. Wanaapa wasimwambie mtu. Milcah alihesabu Jumapili nne. Ya tano, mwezi wa Agosti, alichungulia kwenye ufa akaiona mikono ya jirani yake. Ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Alitoka mbio kwenda kuita askari.

Zilikuwa bitiruti. Memsahibu alikuwa amempa Masinde mbili kutoka bustanini, kubwa kama kichwa cha mtoto, na Masinde alikuwa akijaribu pudini aliyoipenda kuliko zote: bitiruti iliyokwaruzwa, ndizi zilizopondwa, asali, maziwa mazito ya juu, halafu mwishoni kabisa ndimu. Ndimu ndiyo inayofanya pudini igande bila moto. Unakamua, unasubiri robo saa, inashikana.

Alikuwa amekamua tone la mwisho mlango ulipogongwa.

Haukugongwa kwa mkono. Uligongwa kwa kitako cha bunduki.

"Fungua! Serikali!"

Nekoye alishika mdomo. Masinde alitazama mikono yake, akatazama bakuli la enameli mezani, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho mtu mwingine angekiona. Alitaka kunawa, lakini maji yalikuwa nje, na nje kulikuwa na Serikali.

Nekoye ndiye aliyefungua. Aliingia Sajini Kemboi, mtu mrefu wa Baringo, na nyuma yake askari mmoja kijana aliyeitwa Joash. Nyuma yao, mlangoni, alisimama Milcah, amejifunga leso kifuani, hataki kuingia wala kuondoka.

Kemboi alitazama mikono. Akatazama bakuli. Uso wake ulibadilika, naye akarudi hatua moja.

"Umelisha watu wangapi?"

"Afande, ni pudini."

"Mimi nauliza watu wangapi!"

"Ni mimi na mke wangu tu, afande. Ni bitiruti. Ni chakula cha Memsahibu. Mimi ni mpishi."

"Mpishi, moto iko wapi?"

Masinde alifungua mdomo, lakini jibu la kweli lilikuwa ndilo baya kuliko yote.

"Hakuna moto, afande. Haipikwi."

Joash alikoki bunduki bila kuambiwa. Nekoye alianza kulia polepole, kilio kile kisichotoa sauti.

"Onja basi, afande," Masinde alisema. "Onja utajua."

"Nionje?" Kemboi aliruka kama amekanyaga nyoka. "Ili na mimi niwe nimekula? Unafikiri mimi mjinga? Joash, wewe onja."

"Mimi, afande? Mimi nimeoa Pasaka juzi tu."

Hapo ndipo Masinde alipoona jinsi alivyonaswa. Njia ya kujua ni kuonja, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeonja.

Kemboi alivuta kiti pekee kilichokuwamo akakaa, akavua saa yake akaiweka mezani kando ya bakuli.

"Sikiliza, mzee. Mimi nimelelewa kwa ng'ombe. Kwetu damu tunatoa shingoni, tunachanganya na maziwa, tunakunywa. Damu mimi najua kuliko daktari. Damu ikikaa, inaganda. Tutangoja. Ikikaa kama maji, nitasema ni matunda yako. Ikiganda..." Hakumalizia. Alijipapasa shingo.

Masinde alilitupia bakuli jicho. Igande? Itaganda. Alikuwa ameikamulia ndimu kwa mikono yake mwenyewe ili igande! Katika miaka kumi na mitatu ya upishi hakuwahi kuharibu pudini ya Memsahibu hata moja, na sasa alikuwa akimwomba Mungu wa babake na Mungu wa misheni, wote wawili, kwamba hii iharibike.

Saa ililia ta, ta, ta. Nzi alitua ukingoni mwa bakuli, na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Nje, majiko yalikuwa yameachwa. Mtaa mzima ulikuwa ukisikiliza, na chapati ya mtu ilikuwa ikiungua. Dakika ya tano maziwa yalianza kujikunja pembeni. Dakika ya nane yalitokea madonge madogo. Dakika ya kumi Kemboi alichukua kijiko, akaliinamisha bakuli kidogo. Kitu chote kilisogea kwa pamoja, kizito, chekundu, kikitetemeka.

"Eeh," Sajini alisema taratibu. "Simama, mzee. Toa mkanda na viatu."

Masinde alisimama. Hakuwa na mkanda, suruali ilifungwa kwa kamba. Aliinama kufungua kamba za viatu. Alimwona Simiyu wake huko Kimilili, anaambiwa babake alikwenda wapi.

"Imebaki moja!" Nekoye alipiga kelele.

Wote waligeuka.

"Bitiruti imebaki moja, iko kwenye kikapu chini ya kitanda. Afande, mwache atengeneze ingine hapa mbele ya macho yako. Ukiona damu inatoka popote, tupeleke sisi wote wawili. Mimi pia. Nipeleke na mimi."

Kemboi alifikiri. Alimwashiria Joash, na Joash akakivuta kikapu kwa mtutu wa bunduki, kana kwamba kitamuuma. Ndani mlikuwa na bitiruti moja yenye udongo wake na mkia wake.

Hakuna mpishi aliyewahi kupika hivyo duniani. Mtutu ulikuwa umemgusa Masinde kisogoni. Alimenya. Alikata vipande viwili, na wekundu uliporuka ukichafua meza, Milcah kule mlangoni alisema, "Yesu!" Masinde alichukua bati lenye matundu la kukwaruzia akaanza. Lakini macho yake yalikuwa kwa Kemboi, si kwa bati. Kiganja kiliteleza, kidole kikaenda na bati, na tone la damu, damu yenyewe sasa, likaanguka kwenye sahani nyeupe. Likafuatwa na la pili.

"Umeona!" Joash alipaza sauti. "Damu hiyo, afande!"

"Nyamaza," Kemboi alisema.

Aliinama mpaka pua ikakaribia sahani. Upande mmoja yalikuwa matone mawili, upande wa pili maji ya bitiruti. Alinusa huku, akanusa kule. Akarudia.

"Hii ya kidole inanuka chuma," Sajini alisema. "Hii ingine inanuka shamba baada ya mvua." Akakinusa na kile kilichoganda bakulini, muda mrefu. "Na hii ni shamba na asali. Funga kidole yako, mzee. Endelea."

Masinde alikifunga kwa karatasi, akaendelea. Ndizi, asali, maziwa. Alipokamua ndimu, maziwa yalianza kujikunja kama yale ya kwanza, mbele ya macho ya Serikali.

Ungedhani hapo hofu iliisha. Hapana. Ilihama tu, ikamwingia Kemboi. Aliinuka, akatazama mlango uliojaa vichwa vya watu. Akimpeleka mpishi kituoni na bakuli la pudini, wakubwa wangemcheka mpaka astaafu. Akimwacha, kesho mtu angesema Sajini Kemboi alikuta kiapo Bondeni akakifunika. Na aliyesemwa hivyo hakuulizwa mara mbili.

"Mama," alimwita Milcah. "Ingia. Funga mlango."

"Mimi sina maneno, afande, mimi nilikuwa napita..."

"Ingia!"

Aliingia. Mlango ukafungwa. Kemboi alichovya kijiko kwenye pudini iliyoganda, akafumba macho, akala. Taya likasogea. Akala kijiko cha pili, ambacho hakikuwa cha lazima.

"Joash."

"Afande, nakuomba."

"Kula. Ni amri."

Joash alikula huku machozi yakimlenga. Kisha kijiko kikaenda kwa Milcah, na Milcah akakipeleka mdomoni haraka hata nusu ikamwangukia leso. Alimeza bila kutafuna.

"Sasa nyinyi wote sikieni," Kemboi alisema kwa sauti ya chini. "Kama hii ni matunda, tumekula matunda. Kama hii ni kiapo, mimi nimekula, huyu amekula, na wewe mama umekula. Mtu akitaka kwenda kusema, aanze na jina lake."

Alivaa saa yake, akatoka, akawafukuza watu uani kwa matusi ya kawaida. Kwenye daftari lake la siku hiyo hakuandika kitu.

Ndani, Nekoye alirarua kitambaa akamfunga mumewe kidole vizuri. Milcah alikuwa bado amesimama, kijiko mkononi. Alikitazama. Akakilamba.

"Baba Simiyu," aliuliza polepole, "kwani humu ndani mnatia nini?"

Masinde alimtazama usoni, akashindwa kujua kama ni jirani anayeulizia utamu au ni mtu aliyetumwa.

"Sijui," alisema. Naye alikuwa hajawahi, tangu ashike mwiko, kumwambia mtu kwamba hajui kilichomo ndani ya bakuli lake mwenyewe.