Ningu wa Ndotoni

Rhobi alipokuta godoro la mama mkwe wake limekunjwa na kufungwa kamba pale sebuleni, alijua ni mdomo wake ulioleta balaa. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

Na kwani alisema nini cha ajabu? Alisema anaota anakula samaki, basi! Wiki iliyopita wifi yake Dorah, dada wa mumewe, alikuja Butiama kutoka Nyasho kusalimia. Wakakaa jikoni wakichambua dagaa, stori zikanoga, na Rhobi akamwambia huku anacheka: "Wifi, mimi naotaga mama ananipikia ningu kwa ugali wa udaga, ule wa muhogo. Nakula, nakula, samaki haishi kwenye sahani. Hapo najua kabisa, ahaa, hapa naota. Sasa niamke ya nini? Namwambia mama aongeze mchuzi, na anaongeza!"

Ningu mwenyewe siku hizi mtu anazunguka soko la Musoma mpaka miguu inauma na hamwoni. Mama mkwe, Marieta, alizaliwa Bukima ziwani, na hakuna anayemshinda kumpika. Kumpata bure usingizini si bahati hiyo jamani?

Dorah hakucheka. Kwa watu wa aina ya Dorah, ukila ndotoni umelishwa, na ukilishwa umefungwa tumbo. Rhobi ana miaka miwili kwenye ndoa na mtoto bado. Basi wakaamua mpishi ndiye mchawi. Jumapili hii, ibada ilipoisha, Dorah akarudi na Mwinjilisti Bernado, wakajaa kwenye makochi wanakunywa chai aliyopika huyohuyo wanayemfukuza. Naye mumewe Apolinary, mwanamume mzima na ndevu zake, alikuwa ameshakodi chumba Bunda cha kumhamishia mama yake mzazi. Haya si ni makubwa!

Marieta alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani.

"Dada Rhobi," Mwinjilisti alianza kwa upole, "usiogope. Wewe huna kosa. Tunakutoa kwenye vifungo vya huyu mama."

"Vifungo gani?" Rhobi alisimama. "Nimeota! Kuota nako ni kesi? Wewe wifi, si juzi tu ulisema umekabwa na jinamizi, macho yanaona ila mwili hauinuki? Ukasema ni kwa sababu ulilala chali. Mbona hukumtafuta wa kumfukuza? Apolinary huyu anawewesekaga kila siku, anawaita ng'ombe waliouzwa zamani kwa majina. Ng'ombe ndio wamemroga? Na wewe Mwinjilisti, leo kwaya ikiimba ulipitiwa na usingizi mpaka Biblia ikakudondoka. Tuliita kikao?"

Mwinjilisti alikohoa. Dorah akasonya.

Kwa kweli Rhobi alikuwa na haki ya kuchemka. Watu wana neno la kusinzia, wana neno la kukoroma, hata ule mzubao wa kuamka nusu wanauita mang'amung'amu na hakuna anayeogopa. Ila mtu kuota huku anajijua kwamba anaota, hilo hawakuwa na jina lake. Kwa kukosa jina, wakachukua la uchawi wakalibandika, tena kwa bibi wa watu.

"Yangu imekosa jina tu!" Rhobi alisema, machozi yanamlenga. "Naota na ninajua naota. Ndoto ni ya kwangu, naiongoza mwenyewe. Mama haji kunilisha. Ni mimi namwitaga!"

Mwinjilisti Bernado akaweka kikombe chini taratibu.

"Unamwita," alisema. "Usiku. Na anakuja."

"Ndotoni!"

"Kaka, umesikia kwa masikio yako," Dorah alisema, akausogeza mkoba wake mbali na Rhobi. "Kumbe ni huyu! Ndiyo maana hazai. Anatembea usiku!"

Rhobi alikuwa amesema kweli yote ili amwokoe mama wa watu, na kweli hiyohiyo wamemgeuzia yeye. Akamtazama mumewe. "Apolinary, sema kitu."

Apolinary alijikuna ndevu. "Sasa niseme nini? Si umesema mwenyewe."

Hapo ndipo Marieta aliponyanyuka kwenye kigoda.

"Bernado, toka nje," alisema, na hakumwita Mwinjilisti. "Chai umeshakunywa. Toka."

Bernado alimwangalia Apolinary asaidiwe, akaona hasaidiwi, akatoka na Biblia yake.

"Mmeniita mchawi tangu mlipotoka kanisani nikanyamaza," Marieta aliendelea. "Nilisema acha niende, wanangu wapate amani, huenda na mjukuu akaja. Kumbe nyie mnatafuta tu mtu wa kumfukuza! Nikiondoka leo, kesho ni huyu. Basi siendi Bunda, na huyu haguswi."

"Mama, mimi nilikuwa..." Apolinary alianza.

"Wewe nyamaza! Huyu alisema mambo ya usingizini. Wewe ulikuwa macho, ukaenda kukodi chumba cha kunitupa."

Apolinary aliinamisha kichwa. Marieta akamshika Rhobi mkono, akamgeukia binti yake.

"Na wewe Dorah. Huyu hakutoka tumboni mwangu. Mama yake amekufa, na akitamani chakula cha mama anakitamani cha kwangu, hata akiwa amelala. Wewe nimekuzaa mimi. Lini umenitamani hivyo, hata ukiwa macho?"

Dorah akaanza kulia, na hakuna aliyembembeleza.