Moyo Usiolegea

Jeli ya kupimia moyo ilikuwa ya baridi, na msimamizi wa kazi hakutoka chumbani. Daktari wa moyo naye hakumwambia atoke. Mama mfuaji alilala kwa ubavu wa kushoto, kifua wazi, ameng'ang'ania shuka la hospitali ambalo huenda alilifua mwenyewe huko chini, akakodolea macho ukuta ili asimwone bosi wake akimwona.

Huko chini ndiko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyo hiyo. Wafuaji walimbatiza msimamizi jina la Pasi, kwa kuwa kila anapopita panaungua. Kwa miezi mama huyu alikuwa akibeba mashuka mabichi kutoka mashineni hadi kwenye kamba, pumzi ikimkatikia njiani, miguu imevimba hadi kandambili zinagoma. Hakuomba likizo. Aliomba ahamishiwe kwenye meza ya kukunjia mashuka, ambako mtu hufanya kazi ameketi, na kiti kilikuwa kitupu tangu bibi mmoja astaafu. Pasi alimjibu kwamba ugonjwa wa mdomoni kila mtu anao. Kampuni iliyowaajiri ingempima, na mashine ndiyo ingesema.

Basi mashine ikasema. Daktari alikandamiza kifaa katikati ya mbavu, akaigeuza skrini. Damu ilionekana ikija nyekundu, ikienda zake buluu. Mfuaji hakuwahi kuuona moyo wake. Aliuonea huruma, kama anavyomwonea mtoto anayetumikishwa.

"Unasukuma damu au hausukumi?" aliuliza Pasi.

"Kusukuma unasukuma vizuri," alisema daktari. "Shida ni kulegea. Moyo ukishabana lazima ulegee, ndipo ujae tena. Huu umekakamaa. Damu inakwama nyuma, inaelemea mapafu. Ndiyo maana anahema."

"Lakini unasukuma."

"Nimesema unasukuma. Na lingine nimelisema."

"Hilo lingine kampuni haikuuliza."

Mfuaji aliinua kichwa. Kwa adabu zote alizolelewa nazo, alimwomba daktari amwambie bosi kwamba kazi ya kubeba haimfai tena. Daktari alijua. Uso wake ulionyesha kwamba anajua. Akachomoa karatasi laini za kujifutia, akampa.

"Mama, mimi napima moyo, sipangi watu kazi. Jitahidi tu upumzike."

Neno hilo lilimkera kuliko ubaridi wa jeli. Kupumzika hata moyo wake ulikuwa umeshindwa, nao haukuajiriwa na Pasi.

Alipoelekea kwenye lifti, Pasi alimkumbusha kwamba ile ni ya wagonjwa, na yeye ameshathibitishwa mzima. Akashuka ngazi akishikilia ukuta, akisimama kila penye kona.

Kule chini kiti cha meza ya kukunjia hakikuwa kitupu tena. Aliketi shemeji yake Pasi, mdogo wa mkewe, msichana mwenye kucha ndefu, ambaye alimwamkia vizuri tu na kumweleza kwamba ameanza kazi asubuhi ile. Asubuhi, kabla mtu hajapakwa jeli yoyote. Wahenga walisema punda afe, mzigo ufike. Hawa walikuwa wameiboresha: punda anapimwa kwanza.

Baadaye mashuka yaliletwa kutoka juu. La juu kabisa lilikuwa na madoa ya jeli yanayonata bado, naye akalitambua. Mikono ilikwishazoea, ikalitia mashineni. Mashine ya kukamua ilikuwa mbovu kama kawaida, kwa hiyo akalikamua kwa nguvu zake, akalibeba hadi kwenye kamba, akalianika. Lilipokauka akalipeleka mezani pamoja na mashuka mengine, hatua kwa hatua, kifua kikimwaka.

Shemeji alilipapasa kwa ncha za vidole.

"Samahani, mama. Hili pembeni bado bichi. Lirudishe."

Mfuaji alishika ukingo wa meza hadi pumzi ikamrudia. Akalichukua shuka.