Leonia Anatoka Kwenye Foleni

Mwaka ule mahindi yalipokosa wanunuzi, foleni ya malori yaliyosubiri mzigo pale Majengo iliheshimiwa kuliko foleni ya komunyo. Lori lililoondoka kwa sababu yoyote, hata msiba, likirudi lilianzia mkiani. Msimamizi wa sheria hiyo tukufu alikuwa Oswaldi, mwenyekiti wa madereva, mtu mwenye tumbo la kiuongozi.

Leonia na Fuso lake kuukuu walikuwa wamesubiri mzigo siku kumi na tisa, na sasa walikuwa namba tatu. Wiki hiyo ikipita bure, angelipandisha Fuso juu ya mawe na kurudi kulima ulezi kwa mama yake, ambaye alishamnunulia jembe.

Ndipo akaja Mzee Nyanda, mfugaji, akitafuta gari la kuhamishia kaya yake Milepa, kule bondeni: vitanda vitano, mbuzi kumi na wanne, kuku wasiohesabika, na mama yake mzazi, Bibi Rahel, aliyekwisha kutangaza kwamba atakaa mbele. Namba moja alikataa. Namba mbili, Isdori, aliuliza kama mbuzi wanakojoa, akaambiwa ukweli, akakataa.

Leonia alihesabu malori mawili mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Pakieni."

"Dada, ukitoka umetoka," Oswaldi alimwonya. "Mkia uko kule kwenye dimbwi."

"Nimeuona, mwenyekiti."

Kabla hawajafunga kamba, namba moja aliitwa kupeleka mzigo Kasesya, mpakani. Madereva walimcheka Leonia hadi wakashika mbavu.

Kwenye mteremko wote wa kwenda bondeni, Bibi Rahel aliendesha gari kwa mdomo. Alisema kanyaga breki, Leonia akakanyaga. Alisema hapo tupumzike, wakapumzika, mara nne. Walipofika, bibi aliwaambia majirani wote kwamba hatimaye amepata dereva mwenye masikio.

Siku ya tatu Leonia alirudi Majengo na shehena ya mpunga. Isdori sasa alikuwa namba moja, na bado alikuwa palepale. Oswaldi akamwonyesha Leonia dimbwi.

"Usinipange kwenye foleni," alisema Leonia. "Bibi Rahel amenisifu huko bondeni; kesho kuna kaya mbili zinahama, na gari langu ni moja. Nani anakuja?"

Isdori alifuta kioo ambacho kilikuwa safi tangu wiki iliyopita.

"Kuna mabibi wangapi?" aliuliza.

"Wawili. Mmoja ni wako."

Isdori akawasha gari.